Milimita Kumi na Mbili za Fundi Goti

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi Goti anafagia mahali ambapo tayari pamefagiwa. Kisha anachuchumaa, anaweka pima maji sakafuni na kusubiri kiputo cha hewa kitulie katikati. Anafanya hivyo mara nne, kwenye kila alama nyeupe ambapo tairi la gari litakanyaga.

Mlangoni mwa karakana limeegeshwa gari jekundu la michezo, la milango miwili. Limeshushwa kiasi kwamba paka wa jirani, akitaka kuvuka, hupita juu yake badala ya chini yake.

Mwenye gari ni muuguzi, na hapa kila mtu humwita Sista. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani. Hii ni mara ya tatu kulileta gari hili kwa tatizo lile lile: upande wa kulia umeinama, na barabara ikiwa mbovu tairi la nyuma la upande huo hukwaruza bodi.

“Leo ni mara ya mwisho, fundi,” anasema kwa upole. “Sigombani na wewe. Likitoka hapa limeinama tena, nitatafuta fundi mwingine, na wenzangu nitawaeleza kwa nini.”

Wenzake ni kundi la watu ishirini na wawili wenye magari yaliyoshushwa, wanaokutana kila Jumapili kutazamiana magari na kutaniana. Kundi hilo ndilo linalompa Fundi Goti zaidi ya nusu ya kazi zake. Miaka miwili iliyopita alikuwa akipokea magari tisa kwa mwezi. Mwezi uliopita alipokea matatu.

Fundi anaitikia kwa kichwa. Kuna jambo anataka kumwambia Sista, na tangu afungue mlango amekuwa akilizungusha mdomoni bila kulitoa.

Kazi yake, ukiisikia, ni nyepesi. Kila gurudumu la gari la namna hii lina shokapu na springi, na chini ya springi kuna pete ya chuma yenye uzi kama wa nati. Ukiizungusha pete kupanda, kona ile ya gari inainuka. Ukiishusha, inalala. Shida ni kwamba kona nne hazikai kila moja kivyake. Ukiinua ya mbele kulia, ya nyuma kushoto inaelemewa, na huko nako inabidi urudi ukarekebishe.

“Ni kama meza yenye mguu mmoja mfupi,” anasema, huku akifungua pete ya kwanza kwa spana yenye ndoano. “Ukiweka karatasi chini ya mguu usio wenyewe, umeharibu zaidi.”

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na sita. Jina la Fundi Goti alipewa na wateja, na kwa muda mrefu alilivaa kwa fahari.

Lilitokana na namna yake ya kupima. Mafundi wengine walitumia futi. Yeye alisimama kando ya gurudumu, uso ukielekea mbele ya gari, akasogeza mguu mpaka ukagusa bodi, kisha akaweka vidole vinne juu ya goti. Ukingo wa bodi juu ya tairi ukikaa juu kabisa ya kidole cha nne, gari liko sawa. Alizunguka kona zote nne hivyo hivyo, na watu walikuwa wakija kumtazama tu.

“Walikuwa wanarudia kwa futi, wanakuta nimekosea milimita moja au mbili,” anasema. “Basi kichwa kikavimba. Futi nikaitupa kwenye droo, nikasahau hata ni droo gani.”

Miaka miwili iliyopita, giaboksi aliyokuwa akiishusha iliponyoka na kumwangukia mguu wa kushoto, chini ya goti. Mfupa ukavunjika mara mbili. Alikaa na plasta miezi mitatu, akatembea kwa magongo miezi mingine miwili, kisha akarudi kazini. Mguu haukuuma tena, na yeye akahesabu kwamba yamekwisha.

Baada ya hapo ndipo magari yalipoanza kurudi.

Kila gari lililorudi lilikuwa limeinama upande wa kulia. Kwa kuwa kulia ndiko anakokaa dereva, Fundi Goti alikuwa na jibu tayari. Aliwaambia wateja kwamba wao ni wazito. Mwalimu mmoja aliambiwa apunguze chakula cha jioni. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kilo mia na kumi, alikubali kosa bila ubishi na akaanza kukimbia kila asubuhi.

“Huyo bado anakimbia,” anasema fundi, na kicheko kinamponyoka. “Amepungua kilo tisa. Gari bado limeinama.”

Halafu akaja Sista, mwenye kilo hamsini na moja.

Mara ya kwanza alimwambia labda springi hazijazoea. Mara ya pili alimwambia labda ni mkoba. Sista, ambaye kazini hupima kila kitu, aliuweka mkoba ule kwenye mizani ya wodini. Ulikuwa na kilo mbili na nusu, pamoja na chupa ya maji.

“Sikukasirika kwa sababu ya mkoba,” anasema Sista. “Kutwa nzima nainua wagonjwa, nageuza wagonjwa. Hili gari ndilo kitu pekee nilichowahi kununua kwa sababu nakipenda tu, basi. Nikitoka zamu, nikalikuta limeinama pale nje, nasikia vibaya. Najua ni jambo dogo.”

Siku aliyoambiwa habari za mizani, Fundi Goti alirudi nyumbani akiwa hana hamu ya kula. Nyumbani ni upande wa pili wa ukuta wa karakana. Mke wake ni fundi cherehani, na cherehani yake iko chumba cha mbele, karibu na dirisha.

Alimlalamikia mkewe kwa muda mrefu. Alilaumu springi za siku hizi, akalaumu barabara, akalaumu sakafu yake mwenyewe aliyoimwaga kwa mikono yake, akaapa kwamba goti analopimia halijawahi kumdanganya. Mkewe alikuwa anashona vifungo. Alipomaliza kifungo cha mwisho alikata uzi kwa meno.

“Baba watoto,” akasema, “gari halina kosa. Ni mguu wako. Wa kushoto ni mfupi.”

Fundi anakumbuka kwamba kwanza alicheka.

Mkewe akaleta suruali zake saba na kuzitandika kitandani moja moja. Katika zote, mguu wa kushoto ulikuwa na pindo pana kuliko wa kulia, kwa milimita kumi na mbili. Tangu alipotupa magongo, mkewe alikuwa akizipunguza kimya kimya, usiku mmoja suruali moja, ili mguu ule usiburute chini na watu wasione.

Hapo ndipo fundi alipoielewa hesabu yote. Akielekea mbele ya gari, upande wa kushoto aliupimia mguu wa kulia, na upande wa kulia aliupimia mguu wa kushoto. Goti la kushoto lilikuwa limeshuka, naye akawa analishusha kila gari lilifuate.

“Nilimkasirikia,” anakiri. “Mwaka na nusu anajua, mimi natukana watu unene. Nilimwuliza, kwa nini hukuniambia?”

Mkewe, alipoulizwa swali hilo hilo na mwandishi wa makala haya, alijibu huku akikanyaga cherehani.

“Umeshawahi kumwona mwanamume mzima akilia kwa sababu hawezi kwenda chooni peke yake? Mimi nilimwona. Aliposimama akaniambia, mama watoto, nimepona, sikuweza kumwambia bado kidogo. Nikapunguza pindo. Hilo la magari mimi nilijulia wapi? Nilidhani anapima kwa futi kama mafundi wote, mpaka siku ile alipolitaja goti.”

Karakana sasa imekuwa na joto. Fundi Goti ameshafungua pete zote, amejaza matairi upepo sawa, na amelisukuma gari mbele na nyuma mara tano ili springi zikae. Shingoni amening'iniza futi ya kitambaa, ya njano, ya mkewe. Ile ya chuma hajaiona mpaka leo.

“Sista, ingia ukae kwenye usukani,” anasema. “Na mkoba wako.”

Sista anaingia. Fundi anazunguka, anainama kwenye kila gurudumu, anapima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa bodi na kuandika kwa chaki sakafuni. Anarudi kwenye spana, anazungusha pete robo mzunguko, anasukuma gari, anapima tena. Inamchukua saa moja na dakika arobaini. Zamani, kwa goti, angemaliza kwa dakika ishirini.

Mwishoni namba za chaki zinasomeka hivi: mbele, sentimita thelathini na tatu na nusu, kushoto na kulia. Nyuma, thelathini na nne kamili, kushoto na kulia.

Sista anashuka, anarudi nyuma hatua kumi na kulitazama gari lake kwa muda. Anachuchumaa. Anainuka. Anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Sasa hii ndiyo kazi,” anasema. “Ilikuwa nini?”

Fundi angeweza kusema ni springi. Sista angeamini, kundi la Jumapili lingeamini, na mwenye duka angeendelea kukimbia. Fundi Goti anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na wakati huo mwandishi anamwonea huruma kweli.

“Ilikuwa mimi,” anasema. “Mguu wangu ulivunjika ukaunga mfupi, na mimi nilikuwa napimia huo. Mkoba wako hauna kosa. Nisamehe.”

Sista anamtazama mguu, kwa jicho la kazini sasa.

“Fundi, na mgongo? Haukuumi jioni?”

“Unauma.”

“Kiuno, upande wa kulia?”

“Wewe umejuaje?”

“Kwa sababu nawe umeinama,” anasema Sista. “Nenda ukaongezewe soli. Jumapili nitawaambia wenzangu, lakini nitawaambia vizuri.”

Kwenye ukuta wa karakana kuna orodha ya magari kumi na moja yaliyorudi yameinama tangu alipotupa magongo. Mpango wake ni kuyaita yote, moja kila siku mbili, na kuyarekebisha bure kabla ya mwezi kwisha. Mwenye duka amemweka wa kwanza. Amepanga pia kumwomba asiache kukimbia.

Jumamosi anakwenda kwa fundi viatu. Ameshampelekea kipimo kwenye karatasi: soli ya kushoto, milimita kumi na mbili, isizidi wala isipungue. Anasema hata yeye ana haki ya kuongezewa pete kwenye kona moja.

Gari jekundu linapotoka, mkewe anaingia kuichukua futi yake. Anamwomba mumewe asimame kwenye alama nyeupe ampimie pindo upya kwa ajili ya soli mpya, kwa sababu sakafu ya nyumbani haijanyooka. Anapiga magoti mbele yake, anaingiza kidole ndani ya pindo la kushoto na kuligeuza nje ili fundi aone kilichomo.

Kitambaa chote kimo, kimekunjwa mara mbili.

“Hukukata?” anauliza fundi.

“Sikukata hata moja,” anasema mkewe, bila kuinua uso. “Nilisema, labda siku moja atarudi sawa.”