Safari ya Kwanza ni ya Fundi

Kilichoninyima usingizi ni utulivu wa asubuhi. Nilikuwa nimelijaribu tanga la boti ya Daktari gatini kwetu Pasiansi, likatoka na kurudi mlingotini bila kukwaruza, na Fundi Mkuu akanipa mkono. Lakini nililijaribu wakati ziwa limelala. Safari ingekuwa kesho yake mchana, upepo ukishaamka, na wajukuu wa Daktari wangekuwemo.

Mimi bado ni kijana kazini, sina pensheni ya kusimulia. Nawaandikia wanaotoka chuo sasa, kwa sababu niliingia kazini nikidhani kuwa kuogopa ni dalili ya kutojua.

Siku ya kwanza nilifika karakana ya boti na cheti changu cha uhandisi ndani ya bahasha ya plastiki. Nilimwamkia Fundi Mkuu, mzee mnene wa Musoma, akaitika marahaba, na kabla sijakaa akanieleza desturi ya pale: aliyetengeneza boti hupanda safari yake ya kwanza.

"Kuogelea unajua?" akaniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Basi nati utazikaza vizuri."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilianza kuzikumbuka nati zote nilizowahi kukaza.

Boti nyingi tulizotengeneza zilikuwa za injini. Ya Daktari, mstaafu wa Bukoba aliyejenga Pasiansi, ilikuwa na tanga na injini ndogo ya kuingilia gatini tu, na tanga hilo halikunjwi kwa mikono. Linajiviringisha kwenye rodi ndefu iliyo ndani ya mlingoti, likipitia mwanya mwembamba. Kamba moja huvuta kona ya tanga kulitoa. Nyingine huzungusha rodi kulirudisha. Mtu mmoja hulimudu. Ubaya wake, likiingia na mkunjo hukwama kwenye mwanya, na ile nusu iliyobaki nje huendelea kuburuta boti popote upepo unapotaka.

Ndivyo lilivyomfanyia Daktari. Nilibadilisha beringi ya juu iliyoliwa na kutu, nikapaka grisi, rodi ikawa laini. Ila nilipopapasa kitambaa, nilikikuta kimelegea katikati kama shuka la zamani, na tanga lililolegea ndilo linalotengeneza mikunjo. Beringi haikuwa ugonjwa wote. Nilimweleza Fundi Mkuu, akasema tanga limezunguka mbele ya macho yake, na kwamba mimi hata nikipewa maandazi nitayatafutia mifupa.

Usiku nikayapima yote mawili. Nikinyamaza na kumbe niko sahihi, watoto wako majini. Nikisema na kumbe nimekosea, wamekosa safari ya Ukerewe, keshokutwa wanarudi shule Bukoba, na mimi nabaki injinia mwoga. Kulipambazuka sijaamua.

Mchana niliwakuta watoto wameshakaa botini na jaketi okozi zao, mdogo kabisa amekumbatia mfuko wa karanga. Mawimbi yalikuwa yameanza kuvunjika meupe.

"Daktari, naomba watoto washuke."

"Kuna nini? Si ulisema imepona?"

"Safari ya kwanza ni ya fundi. Hawa si mafundi."

Fundi Mkuu aliguna. "Injinia leo amekuwa hakimu." Lakini ndiye aliyemshika mdogo mkono akamshusha, maana desturi ilikuwa yake. Kisha akapanda.

Tukatoka watatu, Daktari akiwa kwenye usukani. Tanga lilifunguka lote, zuri, hadi nikaanza kuona aibu. Tulipolirudisha liliingia nusu, likasimama. Boti ikalala ubavu. Mawe tuliyozoea kuyaona kila siku yakaanza kutukaribia. Fundi Mkuu alishika mpini wa winchi inayovuta kamba ya rodi, akauegemea kwa uzito wake wote. Rodi ikalia.

"Usilazimishe, Mzee. Mkunjo unazidi kubana."

"Kwa hiyo tusali?"

"Tulitoe kidogo kwanza."

Nilimwomba Daktari awashe injini, aelekeze boti kwenye upepo ili tanga lisisukumwe kwenye ukingo wa mwanya. Nikavuta kona kidogo, Fundi Mkuu akarudisha kidogo. Nje, ndani, nje tena. Mwishowe mkunjo ukajitokeza, mnene kama godoro lililokunjwa, ukanyooka. Nikaishikilia kamba ya kona isilegee, wakati Fundi Mkuu akiviringisha taratibu, na tanga likaingia lote.

Tukarudi gatini kwa injini. Watoto walisimama, wakidhani sasa ni zamu yao. Daktari alininong'oneza kwamba namna ya kulikwamua tumeshaijua. Tukienda polepole, akauliza, na mimi fundi nikiwemo, kuna ubaya gani? Hapo ndipo nilipoogopa kuliko kule kwenye mawe, kwa sababu alikuwa na hoja na nilitamani kumkubalia. Nilimtazama Fundi Mkuu. Akatazama ziwa.

"Hapana, Daktari," nilisema. "Kwa tanga hili, hapana."

Pale gatini miamba hukinga upepo. Nilipanda botini peke yangu, nikalitoa tanga lote, nikafungua kamba inayolishikilia juu. Likashuka, likanifunika. Nilijitoa chini yake, nikalikunja, nikalibeba begani kuelekea stoo. Nyuma yangu mtoto mdogo alianza kulia. Niliendelea kutembea.