Waipa za Gari ya Harusi

Shida ilianza mwaka wa 1994, nikiwa na miaka kumi na tatu. Baba alikuwa dereva wa trekta kwa mashamba makubwa ya chai, akaachishwa kazi. Mimi nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, darasa la saba. Wewe uliyekulia milima ya huku unajua zile asubuhi: baridi, majani mabichi yananuka mpaka kwa nguo, kikapu mgongoni, na kengele ya shule inawaita wengine.

Baba hakuwa mtu wa kukaa akilia. Nyuma ya boma la jirani, hapo Sosiot, kulikuwa na gari ya zamani ya Wazungu, nyeusi, mviringo kama chungu, kuku wakitaga kwa kiti cha nyuma. Alitoa ndama, akaichukua. Akasugua kutu, akashona viti. Ilitakiwa kubeba maharusi, na harusi ya kwanza ndiyo ingenirudisha darasani. Kogo, yaani nyanya yangu, alishafua yunifomu akaianika juu ya moto, ikanuka moshi.

Baba ya bibi harusi akaja kutoka Merigi kuiona. Akaizunguka. "Gari ni nzuri. Lakini waipa ziko wapi? Msichana wangu haendi kanisani na dereva ametoa kichwa dirishani kama mbuzi." Alisema kweli. Kwetu mvua ni ya kila mchana.

Siku moja kabla ya harusi, baba akalala chali chini ya dashibodi kuunga waya za mota ya waipa. Fyuzi hatukuwa nayo. Jirani alichukua ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja ikawa nene, akaiweka mahali pa fyuzi. Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni nikimenya viazi.

"Hii haitapiga honi," jirani akasema. "Itawika."

"Wacha mdomo. Simama hapo."

Baba akaona waya moja imechubuka, inagusa chuma. Akapiga kelele, "Fungua!" Alitaka betri ifunguliwe. Lakini sisi tunafungua bolti, tunafungua redio, tunafungua taa, yote ni kufungua. Jirani akaingiza mkono dirishani akafungua swichi. Waipa zikapanda nusu ya kioo.

"Imekubali!" Akapiga makofi. Zikasimama hapo hapo, moshi ukatoka.

Fyuzi ya kweli ingekatika. Karatasi ile haikukatika. Waya ziliungua mpaka za taa za nyuma. Baba akatoka, vidole vimebabuka, akaketi kwa nyasi.

"Si umesema fungua?" jirani akauliza, sauti chini.

"Nimesema."

Bibi harusi alibebwa na gari ya mtu mwingine. Kogo akashusha yunifomu, akampa mtoto wa shangazi. Baba hakushika spana tena mpaka alipokufa. Gari ilienda na wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kogo pia hayuko. Hata kule kwa mashamba makubwa mashine ndizo zinachuna, zile nyimbo za wachumaji sizisikii.

Mimi nilichuna chai ya watu mpaka nikanunua yangu. Leo nina ekari nne za chai, ng'ombe saba wa maziwa, nyumba ya mawe, pikapu na lori. Cheti cha shule sina.