Waya wa Kijani

Juzi pale Sirari nilimwona fundi akikata waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ili spika ziache kunguruma, nikakumbuka siku nilipofanya vivyo hivyo utotoni.

Mama yangu alikuwa fundi redio kule Nyanungu. Mchana ule alikuwa akiunda amplifaya ya kanisa yenye transfoma mbili, kila upande wa spika na yake. Ilinguruma kama nyuki ndani ya debe, na chumba kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Alipotoka kunawa, niliuchomoa waya wa kijani uliokwenda ardhini, nikidhani unamwaga umeme wetu kwenye udongo. Ngurumo ikakoma.

"Mama, nimeiponya!"

Alirudi akitabasamu, mikono ikichuruzika maji, akainyoosha kuishika amplifaya. Ndipo akauona waya.

"Umegusa hili bati la amplifaya?"

"Hapana."

Alijifuta mikono kwenye kanga, akagusisha kwenye bati tesita, bisibisi yenye taa ya kupimia umeme. Taa ikawaka. Transfoma moja ilikuwa inavujisha umeme kwenye bati, na bila waya ule haukuwa na pa kwenda ila mwilini mwa atakayeligusa.

Alizima swichi ya ukutani, akaketi sakafuni, akanikumbatia huku akilia. Nilidhani analia kwa sababu nimemharibia kazi.

Baadaye alibadilisha transfoma ile, akarudisha waya, akaunganisha ethi za pande zote mbili, zilizokuwa zimefungwa mahali tofauti, kwenye skrubu moja. Kelele ikaisha. Mimi nilikaa mlangoni nikisubiri fimbo, na haikuja.