Wanamaji Wangu Walivyonusurika Sufuria

Jeshi langu lote la wanamaji nusura lipikwe leo.

Tulieni niwaambie.

Mimi na kaka yangu wa Iringa huwa tunacheza vita kwa simu. Kila mtu ana nchi yake ya kubuni. Yangu inaitwa Tandemba, na leo jioni tulikuwa tunagombea kisiwa.

Asubuhi nikapanga wanamaji wangu kwenye ungo. Maharage mekundu ni wa mizinga, ya njano ni wa kutua ufukweni. Nikawachanganya kwenye vikundi vidogo vidogo, nikaenda zangu sokoni Ilomba kifua mbele.

Narudi jioni, ungo mtupu!

Mama mkwe, ambaye amekuja kututembelea kutoka Kilolo, yuko jikoni. Sufuria inachemka.

Nikakimbilia jikoni.

"Mama, yale maharage…"

"Nimekuchambulia, mwanangu. Haya mekundu yanachelewa kuiva. Ungeyapikaje pamoja na ya njano?"

Akanionyesha bakuli mbili. Wekundu huku, wa njano kule, wazima wote. Kwenye sufuria ni chai tu.

Jamani, nilipumua!

Muda wa kuwapanga upya sikuwa nao. Nikaingia vitani hivyo hivyo: wekundu wote watangulie kupiga, wa njano wote wafuate kwa pamoja. Kaka akasalimu amri chai yangu haijapoa.

Kisiwa ni chetu. Hakuna askari hata mmoja aliyepotea.

Sasa hivi mama mkwe anawapika. Kaanza na wekundu.

Semeni ukweli, nyie mngekula mashujaa wenu?