Kifaa cha kupumulia cha watu wa angani tulivyokijaribu kisimani Tabora

Wakuu, heshima kwenu. Hiki kilinitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana nusura kiniue.

Miaka ile ya Ujamaa, nimemaliza kidato cha nne na miguu haitulii, nilitoka Songea kwa lori hadi Njombe, nikasogea Iringa, nikafika Dodoma, kisha treni ya daraja la tatu hadi Tabora.

Kutoka stesheni nilitembea, nikapita Kwihara, nikafuata njia ya zamani ya misafara hadi kijiji kipya kilichokuwa kinatafuta vijana wa kuchimba kisima.

Kisima chenyewe kilikuwa na shida. Tukiteremsha kandili, inazimika. Hewa ya chini mbaya. Akina mama bado walikuwa wanachota dimbwini pamoja na ng'ombe.

Akaja mtaalamu kutoka nchi rafiki (siitaji, msije mkageuza uzi kuwa wa siasa). Alileta kifaa cha kupumulia: mfuko kifuani, kopo la dawa, na mpira wa kung'ata mdomoni. Pumzi unayotoa inapita kwenye dawa, inakurudia ikiwa safi.

Alisema dawa ya namna hiyo ndiyo inawapa hewa wenzao wanaoishi kwenye kituo angani. Serikali ilitaka tukijaribu, tuseme kama kinafaa visimani.

Mzee Maganga, kiongozi wa wavuta kamba pale juu, akauliza, "Huko juu mtu akizimia, nani anamvuta?"

Watu wakacheka. Mtaalamu, aliyejua Kiswahili kidogo, naye akacheka.

Nikashuka mimi, kamba kiunoni. Hewa ilikuwa ya moto kidogo, lakini inapumulika. Nikaanza kuchimba.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kule mchimbaji huimba, nyimbo za wapagazi wa zamani. Aliye chini akiimba, walio juu wanajua yu hai. Akinyamaza wanavuta, hakuna kuuliza.

Na mimi nilikuwa nimeng'ata mpira.

Hakuna aliyelifikiria hilo. Hata mimi.

Kamba ikanivuta ghafla, nikajigonga ukutani, mpira ukachomoka. Nikavuta ile hewa mbaya. Baada ya hapo nakumbuka jua machoni na Mzee Maganga akifoka, "Mngoni wewe, mbona umenyamaza?"

"Mzee, ningeimbaje na mpira mdomoni?"

Akanitazama, kisha akakaa chini. "Kumbe mimi ndiye nilitaka kukuua, mwanangu."

Mtaalamu alishaanza kufungasha, akidhani kifaa kimeshindwa. Nikamwambia hapana, hewa ilikuwa nzuri, kilichokosekana ni wimbo.

"Basi agonge ndoo," akasema.

"Agonge," Mzee akajibu, "lakini agonge wimbo. Kugonga ovyo hata jiwe likianguka linagonga."

Kesho yake nikashuka tena. Nikagonga mapigo ya wimbo kwenye ndoo, na kule juu wakaitikia, wanaume kwa wanawake. Sijawahi kupata nafuu ya moyo kama ile.

Wiki hiyo tukafikia maji. Jibu letu kwa serikali: kinafaa, ila aliye chini apewe kitu cha kugonga.

Asubuhi niliyoondoka kijijini, akina mama walikuwa kisimani wanagombania zamu. Hakuna aliyeniona nikipita na begi langu, na nilifurahi kuliko kama wangeniaga.

Nilichojifunza: kifaa cha wageni kinaweza kuwa kizima kabisa, na bado ukafa kwa sababu hamkukaa mkaambizana mnavyofanya kazi.

Mliowahi kuchimba visima mikoa mingine, hebu semeni: ninyi mlijuaje kwamba aliye chini bado yu mzima?