Picha ya Mama Iliyongoja Jua

Mama alikuwa ameniambia waziwazi anachotaka. Picha moja tu, amesimama wima, amevaa sare ya chama cha kina mama cha kanisani, uso wote unaonekana. Ya kuwekwa juu ya jeneza, alisema, huku akikata sukuma wiki kama mtu anayezungumzia bei ya nyanya. Baba alipofariki tulihangaika kutafuta picha yake tukakosa, mwishowe tukamkata kutoka picha ya harusi ya jirani. Kanisa zima liliuona mkono wa mtu mwingine umebaki begani mwake. Mama hakulisahau jambo hilo. Kisha saratani yake ilipogunduliwa, hamu ile ikawa haraka. Pale kliniki alikuwa amewaona walioanza zile dawa kali, walivyokonda.

"Haya mashavu nataka yabaki mahali," aliniambia. Dawa zilikuwa zianze Jumatano.

Kabla hata ya ugonjwa nilikuwa nimejaribu kumpiga picha mwenyewe nikashindwa. Kitambaa cheupe cha kichwani kiling'aa kama taa na uso ukatoka giza tupu. "Umenipiga kama mwizi aliyeshikwa," alisema, akanirudishia kamera. Ndipo nikajiunga na kikundi cha kujifunza kupiga watu picha nje, kwenye mwanga wa jua. Tulikuwa watu kama tisa, kila mmoja na kazi yake ya wiki nzima, tukikutana Jumapili baada ya kanisa na kuzunguka mitaa ya Eastlands na kamera zetu shingoni. Mwalimu wetu alikuwa amepiga harusi kadhaa na kutazama video nyingi mno za Wazungu. Alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu mbele sitakuwa na mengi mema ya kumsema.

Matembezi yetu yalikuwa kero tupu. Gikomba tulimzunguka mama mmoja wa mitumba mpaka akatuinulia henga ya nguo: "Nunua ama utoe hiyo kitu usoni mwangu!" Kiamaiko mzee mmoja alikubali kupigwa, ila alitaka apigwe na mbuzi wake. Mwalimu akakataa, eti mbuzi atavuruga picha. Mzee akamshika mbuzi wake kamba wakaenda zao, na mimi nikawaonea wivu. Katika Jumapili zote hizo sikuwahi kusikia mtu akiulizwa anataka picha ya namna gani.

Tulikuwa na desturi moja. Kila Jumapili mmoja wetu alikuwa mwenyeji. Yeye ndiye aliyemleta mtu wa kupigwa, na siku hiyo mwenyeji hapigi. Kazi yake ni kushika kile kitambaa cha fedha cha kurudisha mwanga, wenzake wapige, kisha wampe picha nzuri kuliko zote. Nilingoja zamu yangu kwa hamu. Watu wanane wakimpiga Mama, nilijiambia, hata mmoja hatapatia?

Zamu yangu iliangukia Jumapili ile ya mwisho kabla ya dawa. Mama anakaa katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji, alizoingia Baba akiwa bado kazini reli, nyumba zilizopangwa kuzunguka uwanja wenye mfereji mmoja wa kuchotea maji katikati. Upande wa machweo sasa zimeota ghorofa ndefu. Wageni walipofika saa nane, Mama alikuwa ametoka kanisani na sare yake, gauni la buluu na kitambaa cheupe, viatu vimepigwa rangi. Hakukubali mtu apige picha kabla ya kunywa chai. Akawapa chai ya maziwa na mandazi, wakala wakamsifu, kisha akakaa kwenye kiti mlangoni, mikono mapajani, tayari.

"Tungoje kidogo, mathe," Mwalimu akamwambia. "Saa hii jua ni kali. Likishuka, mwanga unakuwa wa dhahabu. Hapo utatoka poa sana."

Nikamvuta kando nikamwambia jua la hapa huzama nyuma ya ghorofa mapema. Akatoa simu akanionyesha. Simu ilisema jua litatua saa kumi na mbili na nusu. "Tuko na time," akasema. Nikanyamazishwa na simu katika uwanja niliozaliwa.

Basi tukangoja. Wenzangu wakapiga mlango wenye kutu, wakapiga mfereji, wakampiga paka. Mama alikuwa akitokwa na jasho ndani ya lile gauni zito. Majirani wakipita walimuuliza kama kuna harusi. Kila mara nilipomtazama Mwalimu aliniinulia kiganja, kwamba bado.

"Hawa watu wako wananingojeshea nini?" Mama akaniuliza.

"Mwanga, Mama."

"Na huu unaonichoma ni nini?"

Mwalimu alisikia, akacheka. "Subira huvuta heri, mathe."

"Na ngojangoja huumiza matumbo," Mama akamjibu, ila hakucheka.

Haikufika hata saa kumi na moja. Kivuli cha ghorofa kiliingia uwanjani, kikapanda viatu vya Mama, kikapanda gauni, kikamfunika uso. Uwanja mzima ukawa wa kijivu. Mwalimu alitazama simu, akatazama ghorofa, akatazama tena simu. Kisha akasema kule barabarani karibu na jaa la taka bado kuna jua, twende tumpige huko. Mama aliinuka polepole kwa kushika kizingiti. Alisema ameketi vya kutosha, na vikombe havijajiosha. Akaingia ndani akatoka amejifunga leso kuukuu juu ya fulana iliyotoboka begani, kichwa wazi, akaenda kuinama penye mfereji na beseni la vikombe vyetu.

Ndipo jua likampata. Halikuja kutoka juu. Lilirudishwa na madirisha ya jengo refu la upande wa pili, likamwangukia yeye peke yake, na kamera zote zikaamka kwa pamoja.

"Mathe, tulia hivyo hivyo! Usiangalie huku!"

Nilisimama na kitambaa changu cha fedha nikisema hapana, si hiyo, jamani si hiyo, mngojeni avae. Hakuna aliyenisikia. Dada mmoja mwenye kamera kubwa kuliko zetu zote alikuwa amepiga magoti kwenye maji machafu akipiga bila kupumua. "Hii ndio real," aliniambia baadaye, macho yakimng'aa. Nilitamani kumvika lile beseni.

Kesho yake, kwenye kikundi chetu cha simu, picha ya dada yule ilichaguliwa kuwa picha ya wiki. Aliifanya nyeusi na nyeupe, akaikaza mpaka kila kunyanzi la Mama likaonekana kama limechorwa kwa kisu. Chini akaandika maneno kuhusu nguvu ya mama wa Eastlands. Mioyo na makofi yakamiminika kwenye simu yangu siku nzima nikiwa kazini. Niliandika kwamba sicho Mama alichoomba, kwamba alikuwa amevaa sare, kwamba nilikuwa nimewaeleza ni picha ya nini. Mwalimu akanijibu nisiichukulie vibaya, sanaa ni ukweli. Nikajitoa kwenye kikundi, na mpaka leo nikikumbuka neno lile "ukweli" damu inanichemka. Kwani sare haikuwa kweli? Wiki nzima aliipiga pasi kwa ajili yao.

Jioni hiyo nilimwonyesha Mama picha, kwa kuwa aliidai. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda.

"Huyu anaosha vyombo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nani huzikwa akiosha vyombo?"

Nilimsihi avae sare kesho yake, Jumanne, nimpige mwenyewe mlangoni. Akakataa katakata. Sare ya chama huvaliwa Jumapili, siku ya mkutano na siku ya kumzika mwenzao. Kuivaa Jumanne kwa ajili ya picha ni kuifanyia mchezo, na yeye ndiye anayewakemea wanachama wapya kwa hilo. Nilimwambia Mungu ataelewa. "Mungu ataelewa," akasema, "lakini wale kina mama hawataelewa." Jumatano tukaenda hospitali.

Jumapili ya kwanza hakuweza kuinua kichwa. Ya pili vilevile. Zilipita nyingi kabla hajaniambia mwenyewe, Jumapili moja karibu na adhuhuri, nimshushie sare kutoka kwenye msumari. Gauni lilimwanguka mabegani kama la kuazima. Alinipa pini, nikalikusanya mgongoni ili kwa mbele lionekane linamkaa. Kitambaa cha kichwani alikifunga mwenyewe, chini kidogo kuliko zamani, kwa sababu ya nywele zilizonyonyoka. Tukatoka nje jua likiwa utosini, jua lile lile baya tulilokatazwa.

"Piga sasa," akasema. "Usianze mambo ya kungoja."

Nikapima mwanga kwenye uso wake, nikakiacha kitambaa cheupe king'ae kitakavyo. Akasimama wima, mikono ubavuni, akanitazama moja kwa moja. Nilipiga mara moja tu, na nilijua papo hapo kwamba nimepatia. Macho yalionekana, rangi yake ilikuwa rangi yake, hata beji ya chama ilisomeka. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimepiga picha kama ilivyoombwa.

Nikampelekea kamera. Aliivuta karibu, akanionyesha kwa kidole nimkuzie uso, nikaukuza. Alijigusa shavu polepole, la kulia, kisha la kushoto.

"Ifute," akasema. "Hii hapana. Nikinenepa tutapiga nyingine."

"Imetoka vizuri sana, Mama."

"Nimesema uifute."

Niliigeuza kamera asione kidole changu, nikabonyeza kitufe cha kuizima, nikamwonyesha kioo kikiwa cheusi. Nikamwambia nimefuta.