Kitanda cha Kuazima

Ndunge alinunua kufuli kabla ya kupata mlango. Ilikuwa 2004, akiwa na miaka kumi na saba, na kufuli hilo lilikaa miezi minane ndani ya sanduku la bati, pamoja na koleo, nyuzi na vichwa vya zipu.

Mama yake alipofariki, shangazi yake wa Riruta alimpokea kwa mwaka mmoja, kisha akamwambia nyumba imejaa. Tangu hapo alilala chini ya meza za soko la Kawangware, juu ya magunia ya viazi. Mchana alikuwa River Road, kwenye ngazi za jengo moja, akirekebisha zipu za mikoba na majaketi kando ya Njambi, fundi wa nguo aliyemfundisha kazi.

Siku moja akasikia kuna chumba Kabiria, kwenye ploti ya mzee Gichuru. Kodi ya kuanzia alikuwa nayo. Kilichomtisha ni desturi ya mzee: alisimama langoni kutazama vyombo vya mpangaji vikiingia. Asiye na kitanda, alisema, huhama hata mbwa wasijue.

"Chukua changu," Njambi alimwambia. "Asubuhi akione, jioni mkokoteni unirudishie."

Jumamosi mkokoteni ulifika. Gichuru alikizunguka kitanda polepole, akapapasa mguu wa nyuma uliofungwa waya.

"Hii kitanda naijua," alisema. "Iliingia hapa Januari na yule kijana muuza nyanya. Ikatoka kabla ya chai ya jioni."

Mwenye mkokoteni alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Wanawake wawili waliokuwa wakifua kando ya mfereji waliacha kufua.

Ndunge angeweza kubisha. Lakini mzee alikwisha kushika ule waya, na kurudi sokoni kulikuwa mbali naye hatua chache tu.

"Si changu, mzee," alisema. "Changu ni hili sanduku. Kaa nalo kila jioni, nilichukue asubuhi nikienda kazi. Bila hilo sili. Nitatorokea wapi?"

Gichuru alilifungua, akachakura, akainua kufuli.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya mlango."

"Mlango gani?"

"Huo ninaouomba."

Mzee alimwambia mwenye mkokoteni arudishe kitanda kilikotoka. Kisha akampa Ndunge kufuli, akabaki na sanduku.

Kwa wiki tatu Ndunge alilala sakafuni juu ya katoni, na kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, aligonga kwa Gichuru kuchukua sanduku lake. Wiki ya nne mzee alifungua akiwa amejifunga blanketi.

"Msichana, utaniua na hii baridi. Kaa na vitu vyako."

Leo, mwaka wa 2009, Ndunge ana kibanda chake cha zipu Uthiru. Bado anaishi kwa Gichuru, katika vyumba viwili, na ana kitanda alichoundiwa na seremala wa Naivasha Road. Njambi alipokuja kukiona, alikikalia, akakisifu, akauliza kama kinaweza kuazimwa Jumamosi moja tu. Kuna binti anatafuta nyumba.

"Auntie, hiki hakitoki," Ndunge alimjibu. "Huyo binti mlete kwa mzee. Nitamsemea mwenyewe."

Akamsindikiza hadi nje, akafunga mlango kwa lile kufuli la siku za sokoni.